Mzee mwenye dimenshia kabadilika ghafla? Usikimbilie kusema "ndo ugonjwa wake"

Kuna sentensi moja imewafanya wazee wengi waumwe siku tatu nne ndani ya nyumba iliyojaa watu na asishtuke mtu, nayo ni hii, "si ndo dimenshia yake hiyo". Babu kaanza kuongea na watu ambao hawapo, si ndo dimenshia. Bibi kalala mchana kutwa na maji hataki, si ndo dimenshia, inaendelea hiyo. Na kiukweli siwalaumu sana watu, maana ukishazoea kwamba huyu mtu anasahau, anachanganya majina, swali moja anauliza mara kumi, basi chochote kipya kikitokea unakitupia kwenye kapu hilo hilo. Mimi mwenyewe nilikitupia, ntaeleza mbele.

Kitu kinachojificha ndani ya hilo kapu kinaitwa diliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu kuna kitu kinauelemea mwili. Kiswahili tuna kuweweseka, ila kuweweseka wengi tunakujua kwa mtu mwenye homa kali au anayeongea usingizini, na hii ni pana kuliko hapo, kwa sababu kuna diliriamu ambayo mtu hatoi neno hata moja. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini na maana yake ya kale ni kutoka nje ya mtaro wa plau, yaani mtu analima, mstari unaenda, mara plau imeruka nje. Picha hiyo naipenda kwa sababu inakukumbusha kwamba mstari ulikuwepo. Mwenye dimenshia ana mstari wake, umepinda, unafifia kidogo kidogo, lakini upo na wewe unayeishi naye unaujua kuliko daktari yeyote. Diliriamu ni pale anapouruka ghafla.

Tofauti kubwa kuliko zote ni mwendo. Dimenshia inatembea kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa anavaa shati mwenyewe Jumapili halafu Jumanne haelewi shati ni kitu gani, hiyo sio dimenshia kuendelea, dimenshia za kawaida haziendi kwa spidi hiyo. Ila kuna zile za mishipa ya damu ambazo zinaweza kushuka ghafla mtu akipata kiharusi kidogo, na kiharusi nacho ni cha hospitali leo leo, kwa hiyo vyovyote utakavyoligeuza, mabadiliko ya ghafla hayakuruhusu ukae nyumbani ukisubiri.

Sasa kwa nini hasa mwenye dimenshia ndo anaangukia kwenye hili? Fikiria simu yenye betri iliyochoka. Ukiitumia kwa meseji mbili tatu inaenda vizuri tu, asilimia 40 hiyo imeandikwa, ukifungua video inazima hapo hapo. Betri ndo dimenshia, video ni kitu chochote kinachouelemea mwili. Kijana akipata UTI anasikia mkojo unachoma, anaenda kupima, basi. Ubongo ambao tayari umechoka ukikutana na maambukizi yale yale unaweza kuzima kabla hata hajasikia mkojo unachoma, au anausikia ila hawezi kukueleza. Nimonia nayo ni hivyo hivyo, kuchanganyikiwa kunaweza kuwa ndo dalili ya kwanza, na mara nyingine ya pekee, kifua hakibani na homa haipo. Homa kwa wazee ni shahidi asiyeaminika kabisa, mwili mkongwe unaweza kuwa na maambukizi makubwa na kipimajoto kikakuambia mambo shwari.

Uchambuzi mmoja uliotoka mwaka 2002 na kukusanya tafiti zilizotangulia ulikuta kwamba kati ya watu wenye dimenshia, waliokuwa na diliriamu ni kuanzia asilimia 22 mpaka 89, ikitegemea wamefanyiwa utafiti wapi na kwa njia gani. Ukiona namba zimetawanyika hivyo ujue hata wataalamu wenyewe wanapata shida kuikamata.

Haya, inaonekanaje. Kitu cha pili baada ya ghafla ni kwamba inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Saa mbili asubuhi anakujibu vizuri, saa sita hakujui, saa tisa anacheka na wewe, usiku anapigana na pazia. Hapa ndo familia zinagombana, kwa sababu aliyekaa naye asubuhi anasema "mbona yuko fiti" na aliyekesha naye anasema "nyie hamjui nilichokiona", na wote wawili wanasema kweli. Daktari naye akipita katika ile dakika nzuri anaandika mgonjwa anaendelea vizuri. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema leo alikuwa sawa, ukweli ni kwamba alikuwa sawa saa hiyo aliyomwona.

Mtaniambia mbona kuna wazee kila jioni jua likizama wanachafukwa, wanataka "kwenda kwao" na wako kwao? Ni kweli, wenye dimenshia wengi wanakuwa hivyo jioni, ila hiyo ina ratiba, wiki iliyopita ilikuwepo na mwezi uliopita ilikuwepo. Cha kukushtua ni ratiba ikivunjika, yaani fujo ya jioni imeanza kutokea saa nne asubuhi, au imekuwa kali mara tatu ya ile unayoijua. Pia kuna dimenshia ya Lewy, ambayo yenyewe kwa asili inapanda na kushuka na mtu anaona watu au wanyama ambao hawapo, hiyo hata madaktari bingwa inawasumbua, ila swali linabaki lile lile, je hii ni zaidi ya kawaida yake?

Kitu cha tatu ni umakini, na hapa naomba tuelewane kwa sababu watu wanachanganya umakini na kumbukumbu. Mwenye dimenshia ya kawaida unaweza kumuuliza leo ni siku gani akakosa, lakini wakati unaongea anakuangalia, anakusikiliza, anakosea huku yuko na wewe. Mwenye diliriamu hayuko na wewe. Unaanza sentensi, macho yake yanaenda ukutani, anafuata sauti ya mlango, anashika nyuzi za shuka anazidonoa moja moja, unamwita anageuka halafu anapotea tena. Hospitalini wanaweza kumwambia mgonjwa ataje miezi kwa kurudi nyuma, Desemba, Novemba, Oktoba, au wanamsomea herufi taratibu na kila akisikia A abane mkono. Kwa mwenye dimenshia iliyoenda mbali vipimo hivi atafeli tu hata akiwa mzima, ndo maana nasema kipimo bora ni wewe. Kama juzi alikuwa anaweza kukaa na wewe mnaangalia picha za zamani dakika tano na leo hata picha moja haimshiki, umeshapima.

Cha nne ni uamkaji wake, yaani yuko macho kiasi gani. Dimenshia, ukitoa mwisho mwisho kabisa, haimfanyi mtu awe nusu kalala katikati ya mazungumzo. Mtu anayesinzia ukimgusa anafumbua, anasema neno, anafumba, huyo ana kitu.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu ukisema diliriamu watu wanaona mzee anapiga kelele, anachomoa dripu, anataka kutoroka. Hiyo ipo, na angalau hiyo inapigiwa simu. Ile inayopitwa ni ya kimya. Mzee kalala. Hasumbui. Hali sana, hanywi sana, ukimwongelesha anaitikia "mm". Nyumba nzima inapumua, jamani leo katulia, kapata usingizi mzuri, tumwache apumzike. Wodini ndo kabisa, nesi ana wagonjwa kibao na huyu wa kitanda cha pembeni hamsumbui mtu, nani atamwangalia mara mbili? Wakati huo huo huyu aliyetulia ndo anapata nimonia kwa kupaliwa chakula, anapata vidonda vya mgongo kwa kulala upande mmoja, anakaukiwa maji, na tafiti nyingi zinaonyesha wanaopata aina hii wanaishia vibaya kuliko wale wa fujo. Wengine wanapata aina zote mbili, asubuhi kimya usiku fujo. Kwa hiyo mzee aliyekuwa msumbufu miaka miwili akitulia ghafla, usishukuru kwanza. Mwamshe.

Mama yangu alitulia. Ilikuwa mafua tu, na kwa sababu mafua yalimnyima usingizi nikawa nampa vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kimoja asubuhi kimoja usiku, nikaona vinasaidia nikaongeza cha mchana. Siku ya tatu alikuwa amelala muda wote na akiamka anafukuza kitu juu ya dari. Nikasema dimenshia imehamia hatua nyingine, nikaanza mpaka kuwaandaa ndugu kwa simu. Tulipompeleka, mhudumu wa kwanza naye akatuambia ni umri, wa pili ndo akambonyeza tumbo chini ya kitovu akaruka, kibofu kimejaa mkojo hautoki na choo hajapata siku tano. Wakauliza dawa gani anatumia nikataja za presha zote na zile za dimenshia. Za mafua sikutaja, kwa sababu kwenye kichwa changu hizo sio dawa, ni vidonge tu vya dukani.

Kumbe ndo vyenyewe. Ubongo unatumia kemikali inaitwa asetilikolini kwa mambo ya umakini na kumbukumbu, na Alzheimer, ile aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, inaimaliza hiyo kemikali taratibu. Sasa kuna dawa chungu nzima ambazo kazi yake au athari yake ya pembeni ni kuizuia kemikali hiyo hiyo, na hizo zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinazuia mkojo na zinavuruga akili, zote kwa mpigo. Humo zimo dawa za aleji na mafua za kizamani kama klofeniramini na difenhidramini, dawa ya amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva na sonona, na baadhi ya dawa za kuzuia mkojo wa mara kwa mara kama oksibutinini. Ukitoka hapo kuna za usingizi na wasiwasi kama diazepamu, kuna za maumivu makali kama tramadoli. Na kuna upande wa pili ambao watu wanausahau, mtu aliyezoea diazepamu au pombe kila siku halafu vikakatwa ghafla kwa sababu kalazwa, naye anapata diliriamu na ya hatari sana, kwa hiyo usikate dawa kwa hasira baada ya kusoma hapa, peleka mfuko mzima wa dawa kwa daktari, pamoja na vya dukani, vya mitishamba, vya jirani, vyote.

Ukiacha dawa, mafundi wa hii kazi wanapekua mwili kama mtu anayetafuta waya uliokatika. Maji yamepungua? Choo kimefunga? Mkojo unatoka? Kuna maumivu ambayo hawezi kuyasema, jino, nyonga, kidonda? Kifua? Oksijeni? Sukari imeshuka au imepanda, chumvi ya damu ikoje? Alianguka wiki mbili zilizopita akagonga kichwa na damu ikawa inavuja taratibu ndani ya fuvu? Moyo? Kwa mzee mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua na ukajitangaza kwa kuchanganyikiwa. Katoka oparesheni, hasa ya nyonga? Kahamishwa nyumba, hapati usingizi, miwani imepotea, mashine ya masikio betri imekufa? Na mara nyingi sio kitu kimoja, ni vitatu vidogo vimekutana, kama kwa mama, dawa imefunga mkojo, mkojo umeleta maumivu, na choo nacho kimefunga.

Hapo kwenye mkojo niweke neno la pembeni. Imekuwa kama mazoea, mzee kachanganyikiwa, pima mkojo, wameona bakteria, mpe antibayotiki, imeisha. Lakini wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo muda wote bila kuumwa chochote, hivyo kuviona hakumaanishi ndo vimemchanganya. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya maambukizi wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwamba kama hana dalili za mkojo wenyewe, hana homa wala hali yake ya mwili haijayumba, basi watafute sababu nyingine na wamwangalie kwa karibu badala ya kukimbilia antibayotiki. Shida ya kukimbilia ni kwamba mkishapata jibu mnaacha kutafuta, na tumbo linabaki limejaa.

Ukifika hospitali usiseme "mama amechanganyikiwa". Watasoma kwenye faili dimenshia, watatikisa kichwa kwa huruma. Sema alikuwa anaweza nini na lini kaacha. "Alhamisi alikuwa anakula mwenyewe na ananiita kwa jina, toka Jumamosi usiku hawezi, na inakuja na kuondoka." Sentensi hiyo ina karibu kila kitu wanachotafuta. Kuna kipimo kinaitwa CAM, kilitoka mwaka 1990 na mama mmoja daktari, Sharon Inouye, ndo kaongoza kukitengeneza, kinataka vitu viwili lazima, mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, na umakini kuvurugika, halafu kimojawapo kati ya mawazo kutoshikana au uamkaji kubadilika. Kingine cha haraka ni 4AT, kinachukua kama dakika mbili, na humo ndani swali la kama amebadilika ghafla lina pointi 4 peke yake, na 4 ndo mstari wa kuanza kushuku diliriamu. Yaani ushahidi wako wewe unayeishi naye, ukisikilizwa, unatosha kumfanya daktari aanze kutafuta. Kama una video ya simu ya ile saa mbaya, waonyeshe, maana wao huenda wakaiona ile nzuri tu.

Kuna hali za kutosubiri kesho: haamki vizuri, anapumua kwa shida, mdomo umepinda au mkono umelegea, kagonga kichwa, degedege, ana kisukari na anatoka jasho anatetemeka. Hizo ni kwenda sasa hivi.

Wakati sababu inatafutwa, wewe kazi yako ni kumpunguzia ubongo mzigo. Mvalishe miwani, mwekee mashine ya masikio, mchana kuwe na mwanga na usiku uwe giza la kutosha na taa ndogo asiogope. Maji kidogo kidogo mara nyingi, akiwa macho na ameketi, sio unamimina mdomoni kwa mtu anayesinzia. Akae kitini kama inawezekana, atembezwe. Mtu mmoja anayemfahamu akae karibu, sio ndugu kumi na wawili wanaongea kwa pamoja kila mmoja anauliza "unanijua mimi nani?", huo mtihani jamani tuuache. Akisema kuna watu chumbani usibishane na usimkubalie pia, mwambie mimi siwaoni ila naona unaogopa, niko hapa. Kumfunga kamba kitandani kunaongeza fujo na kunaumiza, na mpira wa mkojo kama hauhitajiki tena uliza lini unatolewa. Haya mambo madogo yana nguvu kuliko yanavyoonekana, mwaka 1999 Inouye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 852 wa hospitali, waliofanyiwa mambo ya aina hii toka mwanzo waliopata diliriamu ni asilimia 9.9 dhidi ya 15 kwa waliohudumiwa kawaida. Kuzuia kulisaidia, ila kwa waliokwisha kuipata hayakupunguza sana ukali wake wala kujirudia kwake.

Dawa za kutuliza zinabaki za mwisho, pale mtu anajiumiza au anateseka kupita kiasi, na kwa dozi ndogo. Kama ana dimenshia ya Lewy au mnahisi anayo, sema hilo kabla hawajachoma sindano, kwa sababu haloperidoli na ndugu zake zinaweza kumkakamaza vibaya sana, hata kumuua.

Kupona kunachukua muda wake. Sababu inatibiwa leo na akili inarudi baada ya siku kadhaa, kwa wengine wiki, kwa wengine miezi, na baadhi hawarudi pale pale walipokuwa, diliriamu yenyewe inaweza kuisukuma dimenshia mbele. Ndo maana usikubali mtu apime upya hatua ya dimenshia au afanye maamuzi makubwa ya mzee ataishi wapi wakati bado yuko katikati ya hii kitu. Subiri mpaka mstari uonekane umekaa wapi.

Mama alirudi siku ya tisa, sio yote, lakini alirudi. Mimi nilidhani hatakumbuka chochote, mtu ambaye hakumbuki kama amekula. Siku moja namfunika shuka akaangalia juu akaniuliza kwa sauti ya chini wale sisimizi wa darini tuliwaua au walienda wenyewe. Nikamwambia walikuwa ni zile dawa, mama. Akakaa kimya, halafu akasema basi, maana aliona aibu kutuambia jinsi alivyowaogopa.